Kumbukumbu za Lishe za Wazee Wanaolelewa Makaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa walezi wa zamu, wapishi, na watoto na wajukuu wanaokuja kutazama wazee wao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayotukuta mara chache. Makao ya Serikali ya Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kule Wete, yanajulikana na wengi, lakini majibu haya yanamfaa pia anayemlea mama yake chumbani nyumbani, iwe Jang'ombe au Micheweni.

## Mambo ya msingi

1. Kumbukumbu ya tathmini ya lishe ni kitu gani hasa?

Ni maandishi yanayoonesha mzee ana uzito gani na urefu gani, anakula nini na kiasi gani, na anakunywa kiasi gani. Yanaonesha pia kinachomzuia kula (meno, vidonda vya mdomo, dawa, huzuni, kupaliwa), na hatua iliyochukuliwa baada ya hayo kuonekana. Ikiwa faili lina nambari tupu bila hatua, kazi imeishia nusu. Likiwa na hatua bila nambari, hakuna atakayejua kama hatua hiyo ilisaidia.

2. Mzee wetu anaonekana ana mwili mzuri. Kuna haja ya kumpimapima?

Iko. Macho yanayomwona mtu kila siku hayaoni anavyopungua. Mjukuu aliyekuja Idi iliyopita na akarudi Idi hii ndiye anayeshtuka. Wewe uliyekuwa naye asubuhi na jioni uliona dira lake linazidi kumpwaya ukadhani ni nguo kuukuu.

Tena mtu mnene naye anaweza kuwa na upungufu wa lishe. Mzee akipungua, hapungui mafuta peke yake. Misuli nayo inakwenda, na ndiyo inayomwinua kitini na kumfikisha msalani bila kuanguka.

3. Nani aandike: muuguzi, mlezi au mpishi?

Aandike aliyeona. Aliyeinua sahani ndiye anayejua kilichobaki, na aliyesoma mizani ndiye anayejua ilisema nini. Muuguzi au afisa lishe anajumlisha, anatathmini na kuamua, lakini asiandike kwa kukisia mlo ambao hakuwapo. Kila mstari uwe na tarehe, saa na sahihi ya aliyeandika.

Kuhusu saa, kubalianeni. Mlezi akiandika "7:10" akiwa na maana ya saa saba na dakika kumi mchana, daktari anaweza kuisoma kuwa ni asubuhi. Kwa mzee anayechomwa sindano ya insulini, kosa hilo si dogo. Andikeni "saa 7:10 mchana" kwa maneno kamili, au tumieni saa 24 kwenye mafaili yote. Msichanganye.

## Kupima

4. Uzito unapimwaje na mara ngapi?

Mzee mpya apimwe ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kisha kila wiki kwa wiki nne, halafu kila mwezi. Mwenye dalili ya kupungua arudi kwenye kila wiki.

Tumieni mizani ile ile, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala zulia. Mzee avue makubadhi, koti na buibui, na atoe vilivyomo mifukoni. Wazee wetu wanafunga mengi kwenye pindo la kanga: fedha, funguo, kikopo cha tambuu. Vyote vinapanda mizani pamoja naye. Kwa bibi, mpimaji awe mwanamke na pazia lifungwe.

Mizani yenyewe ihakikiwe. Gunia la mchele la kilo 25 ambalo halijafunguliwa linatosha kukuonesha kama mizani inasema kweli. Fanyeni hivyo kila mwanzo wa mwezi na muandike matokeo.

5. Mizani imeharibika au betri imekwisha. Niandike nini?

Andika: "Hakupimwa, mizani mbovu," pamoja na tarehe. Usinakili uzito wa mwezi uliopita.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya. Mizani yetu ilizima, nami nikaandika kilo 51 kwa bwana mmoja kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo mwezi wa nyuma. Mwezi uliofuata mwenzangu akaiona 51 yangu na akaandika 51. Wa tatu vivyo hivyo. Ukifungua ukurasa ule unaona mtu aliyetulia kabisa, 51, 51, 51, kwa wino wa kalamu tatu. Betri zilipopatikana, mizani ilisema 45. Alikuwa amepoteza kilo sita, karibu asilimia 12 ya mwili wake, na daktari aliyepita mara mbili katikati hakuwa na sababu ya kusimama kitandani kwake. Pengo tupu lingemfanya aulize. Nambari yangu ilimwambia kila kitu ni salama.

Mizani isipokuwapo, pima mzunguko wa mkono wa juu (tazama swali la 6) na uandike kuwa ni kipimo cha mkono.

6. Mzee hawezi kusimama. Nitampima vipi?

Kwa uzito, mpime akiwa kwenye kiti cha magurudumu juu ya mizani ya jukwaa kama mnayo, kisha mtoe uzito wa kiti. Andika nambari zote tatu: jumla, kiti, na mzee. Usimbebe ukapanda naye kwenye mizani ya chumbani, mtaanguka wote wawili.

Kwa urefu, tumia goti. Mguu wa kushoto ukunjwe pembe mraba, kisha pima kutoka chini ya kisigino hadi juu ya paja, nyuma kidogo ya pia ya goti. Hesabu ni hizi:

Mwanamke: 84.88, toa (0.24 × umri), jumlisha (1.83 × kimo cha goti kwa sentimita).
Mwanamume: 64.19, toa (0.04 × umri), jumlisha (2.02 × kimo cha goti).

Bibi wa miaka 78 mwenye kimo cha goti cha sentimita 46 anapata 84.88 − 18.72 + 84.18, yaani karibu sentimita 150. Andika "urefu wa kukadiria kwa goti". Hata anayesimama, kama mgongo umepinda, goti linasema kweli zaidi kuliko ukuta.

Kwa mkono wa juu, tafuta nusu ya masafa kati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia, na uzungushe futi ya fundi cherahani bila kubana. Chini ya sentimita 23.5 ni ishara kwamba mwili ni mwembamba kupita kiasi. Kwa shavu la mguu, pima sehemu iliyo nene kuliko zote. Chini ya sentimita 31 maana yake misuli imepungua.

7. Hajui mwaka aliozaliwa. Umri niweke upi?

Anza na kitambulisho cha Mzanzibari. Akiwa anapokea Pensheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa waliofikia miaka 70, umri uliokubaliwa upo kwenye hati zake. Kama hakuna kitu, muulize alikuwa wapi wakati wa Mapinduzi ya 1964: skuli, ameolewa, au ana mtoto mgongoni? Andika "umri wa kukadiria" na namna ulivyoupata.

Msiumize vichwa sana kwa wanaume. Ukikosea miaka kumi, urefu wa goti unabadilika kwa milimita 4 tu. Kwa wanawake kosa hilo hilo linazaa sentimita 2.4, kwa hiyo kwa bibi chunguzeni zaidi kidogo.

8. Miguu imevimba na uzito umepanda. Niandike ameongezeka?

Andika uzito kama ulivyo, na pembeni yake andika uvimbe: unaanzia wapi unaishia wapi, na kama ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Maji ya mwilini yana uzito. Mzee anaweza kupungua misuli huku mizani ikipanda kwa sababu ya moyo, figo au upungufu wa protini, na faili lisiloutaja uvimbe litamsifu kwamba ananenepa.

Shavu la mguu lililovimba halifai kupimwa, tumieni mkono. Akianzishiwa dawa za kutoa maji, andikeni siku ya kuanza. Kilo tatu zilizoshuka kwa wiki hiyo ni habari nyingine kabisa.

9. Na aliyekatwa mguu?

Mguu uliokatwa chini ya goti ni takriban asilimia 6 ya mwili, na mguu mzima ni asilimia 16. Mwenye kilo 47 aliyekatwa chini ya goti: 47 gawanya kwa 0.94, unapata 50. Tumia 50 kwa kutafuta uwiano wa uzito na urefu, lakini kwenye safu ya uzito andika 47. Hesabu ya kupungua mwezi kwa mwezi ifanywe kwa uzito wa mizani.

## Chakula na maji

10. "Amekula vizuri" haitoshi?

Haitoshi. Linganisha maandishi haya mawili ya mlo mmoja:

"Mchana: amekula vizuri."

"Saa 7:10 mchana. Wali wa nazi nusu. Mchuzi wa choroko wote. Changu hakugusa, kasema miba. Mchicha robo. Maji glasi moja. Nusu ya mwisho kalishwa, dakika 35."

La pili linampa mpishi kazi ya kufanya kesho: amwekee nguru, au amchambulie samaki kabla ya kupakua. Linampa muuguzi swali: mbona anachoka kabla hajamaliza? Andika kila kitoweo peke yake kwa robo, nusu, robo tatu au yote. Ukiandika "nusu ya sahani" hujui kama kilichobaki ni wali au samaki, na protini iko kwenye samaki.

Asipokula, sababu iandikwe kwa neno lake. "Amekataa", "amelala", "amefunga", "alikuwa hospitali" na "hakupewa" ni mambo matano tofauti. Hilo la mwisho ndilo linaloogopwa kuandikwa. Liandikwe.

Tambuu nayo itajwe kwa wanaoila, kwa kuwa inagusa fizi na meno, na wengine hawasikii njaa wakiwa nayo mdomoni.

11. Ndugu wanaleta chakula. Nacho kinaandikwa?

Ndiyo, na kwa heshima. Wekeni karatasi kando ya kitanda na mwambieni mgeni: "Dada, tuandikie tu alichokula, hatumkatazi mtu." Mtu akiogopa kukemewa ataficha boko boko kwenye mkoba. Mara nyingi chakula cha nyumbani ndicho pekee kinacholiwa siku nzima, na ukikijua unaweza kukiiga jikoni.

12. Maji ni kiasi gani?

Mwongozo unaotumika sana Ulaya unasema angalau lita 1.6 za vinywaji kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Chai, maziwa, dafu na mchuzi mwepesi vyote vinahesabiwa. Mwenye maradhi ya moyo au figo anafuata kiwango cha daktari, na kiwango hicho kiandikwe juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Pimeni vikombe vyenu mara moja kwa chupa yenye alama, mjue kila kimoja kinabeba mililita ngapi. Wakati wa kaskazi joto linapozidi, andikeni kila kikombe.

13. Mwezi wa Ramadhani tunaandikaje?

Badilisheni karatasi nzima. Ondoeni chai ya asubuhi na mlo wa mchana, muweke futari, chakula cha usiku na daku, na saa za kila kimoja. Ukiacha safu za kawaida utapata mwezi mzima wa "hakula" mchana, na anayesoma atashindwa kujua nani amefunga na nani amegoma kula.

Wazee dhaifu na wagonjwa wana ruhusa ya kutofunga na kutoa fidya, lakini wengi wao wanafunga hivyo hivyo, wamefunga tangu utotoni. Msibishane nao kitandani. Wenye kisukari, hasa wa insulini, waonwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, na alichoamua kiandikwe. Wote wapimwe uzito kabla ya Ramadhani, kila wiki ndani yake, na baada ya Idi. Anayeendelea na sita za Shawali aandikwe hivyo.

14. Anakohoa kila akinywa chai. Hiyo ni habari ya lishe?

Ni habari ya lishe na ni ya haraka. Andika kinachompalia (maji, chai, wali uliochambuka), sauti yake ikoje baada ya kumeza, na alikuwa ameketi au amelala. Mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni kinaleta homa ya mapafu.

Upo mfumo wa kimataifa, IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula kwa ngazi kutoka 0, kinywaji chepesi kama maji, hadi 7, chakula cha kawaida. Mtaalamu akimpangia ngazi, andikeni nambari pamoja na mfano wa jikoni kwenu, mathalani "ngazi ya 4: kama boko boko lililosagwa likalainika, lisilo na vipande". Msianze kumfanyia vinywaji kuwa vizito kwa kukisia.

## Kusoma yaliyoandikwa

15. Apungue kiasi gani ndipo tushtuke?

Chukua uzito wa zamani, toa wa sasa, gawanya kwa wa zamani, zidisha kwa 100. Asilimia 5 kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, ni kupungua kwa hatari. Viwango hivyo hivyo ndivyo vinavyotakiwa kuripotiwa katika tathmini rasmi za nyumba za kulelea wazee nchini Marekani.

Usiutazame uwiano wa uzito na urefu (BMI) peke yake. Bibi mwenye urefu wa sentimita 150 aliyeshuka kutoka kilo 54 hadi 50 ndani ya miezi mitatu ana BMI ya 22.2, haina tatizo. Lakini amepoteza asilimia 7.4. Safari aliyoshika ni mbaya ingawa pale alipo pazuri.

16. Tutumie fomu gani?

Mbili zinatosha kuchagua moja. MUST ya Uingereza inatoa alama kwa BMI (zaidi ya 20 ni 0, kati ya 18.5 na 20 ni 1, chini ya 18.5 ni 2) na kwa kupungua uzito bila kukusudia ndani ya miezi mitatu hadi sita (chini ya asilimia 5 ni 0, 5 hadi 10 ni 1, zaidi ya 10 ni 2). Mgonjwa mahututi asiyekula, au asiyetarajiwa kula, kwa zaidi ya siku tano anaongezewa 2. Jumla ya 2 au zaidi ni hatari kubwa.

MNA fupi ilitungwa kwa ajili ya wazee wenyewe. Ina maswali sita na alama 14: 12 hadi 14 ni salama, 8 hadi 11 yuko hatarini, 7 kushuka chini ana utapiamlo. Mimi naipendelea hii, kwa kuwa inauliza pia kutembea, huzuni na kusahau, na inakubali shavu la mguu pale BMI inaposhindikana. Mkichagua moja, kaeni nayo, kwa sababu alama za MUST na za MNA hazilinganishwi.

17. Ana kisukari na presha, tumemkataza karibu kila kitu. Anapungua. Tufanye nini?

Mrudieni daktari na karatasi ya chakula mkononi. Kwa mzee dhaifu, masharti makali ya chakula mara nyingi yanaleta madhara kuliko faida, kwani anaishia kutokula kabisa. Kila katazo liandikwe nani kaliweka, lini, na litaangaliwa tena lini. Nimeona "asipewe chumvi" iliyobaki kwenye faili miaka, hakuna anayemkumbuka aliyeiandika.

## Yanayotukuta mara chache

18. Nimekosea kuandika. Nifute?

Usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja ili la mwanzo lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, pamoja na tarehe na jina lako. Uliyesahau kuandika jana, andika leo kwa tarehe ya leo na maneno "limeandikwa baadaye". Wanaotumia kompyuta wajihadhari na kitufe cha kunakili ya jana. Kosa ni lile lile la swali la 5, ila linafanyika haraka zaidi.

19. Mzee amekataa kupimwa.

Ni haki yake. Andika "amekataa" na alichosema, kisha mjaribu siku nyingine na mtu anayempenda. Kwa mwenye maradhi ya kusahau, kukataa leo si kukataa kesho.

20. Mwanawe yuko nje, anaomba picha ya faili kwa WhatsApp.

Muulizeni mzee kwanza. Akiridhia, mpeni mtoto maelezo kwa simu au barua. Picha ya ukurasa isiingie kwenye kundi la familia, sembuse la wafanyakazi. Uzito wa mtu na choo chake ni sitara yake.

21. Anapelekwa hospitali. Aende na nini?

Nakala ya ukurasa wa uzito wa miezi sita, ngazi ya chakula anachoweza kumeza, kiwango cha maji, na anavyopenda kulishwa. Akirudi apimwe siku hiyo hiyo.

22. Anakaribia mwisho wake. Tuendelee kupima?

Daktari na familia wakishakubaliana kwamba kilichobaki ni kumstarehesha, mizani iwekwe pembeni, na uamuzi huo uandikwe kwa tarehe. Kumwinua mtu ili usome nambari isiyobadilisha kitu ni kumtesa.

Kuandika kunaendelea, ila mambo mengine: mdomo umesafishwa na kuloweshwa, midomo imepakwa mafuta, ameomba nini, amepata nini. "Saa 10 alasiri. Ameomba dafu. Vijiko viwili, kameza bila kupaliwa. Cha tatu kageuza uso, tumeacha."